Vipuri vya rimoti ya redio kwa bei nafuu: mwongozo wa Kisumu na miji ya karibu

Ukitaka kuunda kigari, mashua ndogo au swichi ya mbali, vitu vikuu vya kununua vipya ni viwili tu: jozi ya redio, yaani transmita (ya kutuma) na risiva (ya kupokea) zinazoelewana, na bodi ya kuendeshea mota. Mota zenyewe, gia, magurudumu, betri, waya na swichi huokotwa. Wanaoanza hufanya kinyume. Wananunua mota mpya dukani, halafu wanahangaika na risiva ya mtumba ambayo haijulikani ilitoka kwenye chombo gani. Mota mbovu utaijua papo hapo ukiigusisha betri. Risiva mbovu haisemi kitu, na risiva nzima iliyopoteza mwenzake haisemi kitu vilevile, kwa hiyo hutajua unapambana na shida gani.

Hali moja inavunja kanuni hiyo: ukipata gari la watoto likiwa na rimoti yake. Hilo lina hatua yake hapa chini.

1. Hesabu amri, kisha umbali

Kabla ya kutoa hata shilingi mia, andika amri unazotaka. Kuwasha na kuzima taa ya banda la kuku ni amri moja au mbili. Kigari cha mota mbili kinataka nne: mbele na nyuma kwa kila mota, na kupinda kunatokana na upande mmoja kuzunguka huku mwingine umesimama. Usukani unaopinda kidogo kidogo, au mashua inayoongeza kasi polepole, hauwezekani kwa vitufe vya kuwasha na kuzima. Hapo gharama inaruka.

Kwa amri nne kushuka chini, tosheka na rimoti ya vitufe vinne ya megahezi 433 pamoja na risiva yake. Kwa amri nyingi, na kama tayari una Arduino mbili (bodi ndogo za kompyuta unazoziandikia programu), nunua moduli mbili za redio za nRF24L01. Rimoti ya vijiti kama FlySky FS-i6, yenye chaneli sita, inafika maelfu ya shilingi. Ni kifaa kizuri kwa mtu atakayejenga vyombo vingi, lakini kwa mradi mmoja wa shule ni kuchinja ng'ombe kwa sababu ya supu.

Umbali ulioandikwa kwenye tangazo hupimwa mahali peupe pasipo ukuta. Ukihitaji kuvuka ua wenye nyumba ya mawe na mabati, nunua kifaa kilichotangazwa kwa umbali mara tatu au nne ya huo.

2. Tenga rimoti ya redio na ya infraredi

Rimoti nyingi zilizorundikwa sokoni ni za televisheni, dekoda na redio za nyumbani. Hizo hutumia mwanga usioonekana, si mawimbi ya redio, na hazipiti ukuta. Helikopta ndogo nyingi za watoto ni hivyohivyo. Kuzitambua ni rahisi: weka betri, elekeza pua ya rimoti kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe. Ukiona taa inamemeta kwa rangi ya zambarau au nyeupe kwenye skrini, hiyo ni infraredi, irudishe. Kamera ya nyuma ya simu nyingine huchuja mwanga huo, hivyo jaribu pia na kamera ya mbele kabla hujaamua.

Rimoti ya redio ya watoto mara nyingi ina antena ya kuvuta au waya unaoning'inia, na kibandiko cha 27MHz, 40MHz, 49MHz au 2.4GHz. Rimoti ya geti au alamu ya gari ni ndogo ya kuning'inizwa kwenye funguo, na masafa yake huwa megahezi 315 au 433.92. Usikisie kwa sura. Fungua kifuniko utafute kikopo cha chuma kinachong'aa, cha mviringo au cha mstatili, kilichochorwa R315A au R433A. Hicho ndicho kinachopanga masafa.

3. Gari la watoto lililokufa

Kisumu, pa kuanzia ni Kibuye, na siku ni Jumapili, soko linapofurika. Pita kwa wauzaji wa vinyago vya mtumba na kwa wale wa vyuma kuukuu. Pita pia kwa mafundi wa redio na simu mitaani, kwa sababu kila fundi ana ndoo ya vitu vilivyoachwa na wenyewe. Swali liwe wazi: "Fundi, uko na gari la rimoti limeharibika, na rimoti yake iko?" Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye maana. Gari bila rimoti linunue kwa bei ya mota na magurudumu tu, na hiyo ndiyo hoja yako wakati wa kupatana.

Beba bisibisi ndogo ya nyota, betri za AA mpya na kipande cha waya. Weka betri kwenye rimoti na kwenye gari, kisha bonyeza. Likitikisika hata kidogo, au mota ikivuma bila gurudumu kuzunguka, redio ni nzima na kilichokufa ni gia. Hilo ndilo gari la kununua. Lisipofanya lolote, angalia kwanza vyuma vya kushikia betri. Betri zilizovuja huacha unga wa kijani au mweupe unaokata mkondo, na kusugua kwa msasa mara nyingi hufufua kitu ambacho muuzaji ameshakikatia tamaa. Soko la wazi lina mvua, kwa hiyo kagua pia bodi. Shaba iliyogeuka kijani kwenye miguu ya chipu ni dalili kwamba bodi imelala majini. Spiriti ya hospitalini na mswaki mkuukuu husafisha uchafu wa juu, lakini njia iliyoliwa hairudi.

Ndani ya magari mengi ya bei ya chini ya megahezi 27 na 49 utakuta chipu ya miguu 16 iitwayo RX-2B, na kwenye rimoti mwenzake TX-2B. Ukizipata zote mbili umepata mradi uliokwisha nusu, maana RX-2B imeshafanya kazi ya kusimbua, yaani kugeuza mawimbi kuwa amri. Mguu wa 11 hupanda volti ukibonyeza mbele, wa 10 nyuma, wa 6 kulia, wa 7 kushoto. Mguu wa 13 ni chanya, wa 2 ni hasi. Weka multimita kwenye volti za DC, pini nyeusi kwenye mguu wa 2, na nyekundu kwenye mguu wa 11. Mtu mwingine akibonyeza "mbele", utaona volti ikiruka kutoka sifuri hadi karibu na ile ya mguu wa 13.

Mkondo wa mguu huo ni mdogo, hauwezi kuwasha relei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme. Pitisha kwenye rezista ya kilo-omu 1 hadi besi ya transista S8050, emita iende hasi, kolekta iende kwenye koili ya relei, na upande wa pili wa koili uende chanya. Usikose kuweka diodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake mweupe ukiangalia chanya. Bila hiyo, relei ikizimika hutema volti ya kinyume inayoua transista. Angalia pia mpangilio wa miguu. Ukitazama uso bapa, S8050 ni emita, besi, kolekta, lakini C1815, ambayo utaitoa kwenye redio kuukuu, ni emita, kolekta, besi. Kubadilisha moja kwa nyingine bila kupinda miguu ni chanzo cha "nimefuata mchoro na haifanyi."

4. Kununua jozi ya redio

Maduka ya stima na ya simu katikati ya mji wa Kisumu yana vitu vichache vya aina hii. Waliofunga alamu za magari na mageti hubaki na rimoti, na wanafunzi wa uhandisi wa vyuo vya karibu, kama Kisumu National Polytechnic au Chuo Kikuu cha Masinde Muliro (MMUST) kule Kakamega, huuza vipuri mradi wa mwisho unapokwisha. Vinginevyo ni Nairobi, ambako maduka mengi ya elektroniki yako Luthuli Avenue na mitaa inayoizunguka. Unalipa kwa M-Pesa na kifurushi kinapandishwa basi la usiku. Nauli ya kifurushi kidogo haibadiliki sana ukiagiza kitu kimoja au kumi, kwa hiyo jikusanyeni watu watatu wanne muagize pamoja. Walio Nakuru wako karibu zaidi, na mara nyingine hupata nafuu kwa kumtuma mtu anayesafiri.

Mwambie muuzaji akutumie picha ya bodi, pande zote mbili, kabla hujalipa. Kwenye picha tafuta mambo matatu.

La kwanza ni masafa. Transmita ya 315 na risiva ya 433 hazitasikizana milele, na sura zao zinafanana kabisa.

La pili ni herufi mwishoni mwa jina la chipu ya risiva. SC2272-M4 au PT2272-M4 hushikilia amri wakati kitufe kimebonyezwa tu, na ukiachilia, mota inasimama. L4 hubaki imewaka hadi ubonyeze kitufe kingine. Kwa taa ya banda, L4 ni sawa. Kwa kitu chenye magurudumu au kinachoelea, nunua M4 pekee, kwa sababu rimoti ikipoteza mawasiliano chombo kinasimama chenyewe badala ya kukimbilia barabarani au katikati ya ziwa.

La tatu ni kwa wale wanaochanganya rimoti ya mtumba na risiva mpya. Rezista ya mwendo, inayopanga kasi ya msimbo, kwenye rimoti yenye chipu ya PT2262 lazima iende jozi na ya risiva: megaomu 4.7 kwenye rimoti na kilo-omu 820 kwenye risiva, au 3.3 na 680, au 1.2 na 200. Rezista bapa za siku hizi zimeandikwa kwa tarakimu, hivyo unatafuta 475 na 824, 335 na 684, au 125 na 204. Zisipolingana, risiva inasikia mawimbi lakini haielewi neno. Rimoti ya geti yenye chipu ya HCS301 iache kabisa. Msimbo wake hubadilika kila unapobonyeza, na kwa kazi yetu kinachofaa ni ganda lake tu.

Zipo pia jozi za bei ya chini zaidi, kwa kawaida chini ya shilingi 500: transmita FS1000A na risiva XY-MK-5V. Hizi hazina chipu ya kusimba. Usiunganishe relei moja kwa moja kwenye pini ya data ukadhani umeokoa pesa. Risiva hiyo, isiposikia kitu, huongeza masikio yake hadi inatoa kelele tupu, na relei itacheza ngoma usiku kucha. Lazima uongeze chipu za HT12E (ya kusimba) na HT12D (ya kusimbua), au Arduino kila upande, na ukijumlisha gharama utakuta rimoti ya vitufe vinne ilikuwa nafuu.

Walio na Arduino na nRF24L01 wajue mawili. Moduli hiyo hutumia volti 3.3, ukiipa 5 kwenye pini ya chanya imekwisha. Na lehemu kapasita ya mikrofaradi 10 hadi 100 papo hapo kwenye pini zake za chanya na hasi. Malalamiko mengi kwamba moduli ni feki huishia kwenye kapasita hii. Ile yenye antena ndefu ya kufungwa kwa nati humeza mkondo mwingi kuliko miliampea 50 za pini ya 3.3 ya Arduino Uno, kwa hiyo itafutie regulita yake (kipuri cha kushusha volti), mfano AMS1117-3.3.

5. Mota na bodi ya kuiendesha

Mota ndogo za DC zenye waya mbili ziko kwenye magari ya watoto, trei za DVD na kaseti kuukuu. Mota ya printa yenye waya nne au zaidi ni ya hatua (stepper), iache. Mota ya printa yenye waya mbili mara nyingi ilizoea volti 12 hadi 24, na kwa volti 6 itazunguka kama iliyoshiba ugali.

Pima mkondo wake kabla ya kuchagua bodi. Weka multimita kwenye tundu la ampea 10, iunganishe mfululizo na mota na betri, kisha bana shafti kwa koleo kwa sekunde moja, si zaidi. Namba utakayoona ndiyo itakayopita kigari kikigonga ukuta. Ikizidi ampea 0.6, chipu ya L293D haitoshi. L298N inabeba hadi ampea 2 kila upande, inapatikana kwa urahisi, na bodi yake ina nati za kufungia waya. Kasoro yake ni kwamba inakula takriban volti 2 njiani. Betri nne za AA zina volti 6, mota inapata 4. Betri nne za kuchaji zina 4.8, mota inapata 2.8, na hapo kigari kitagoma kupanda hata mkeka.

Usijenge daraja la transista nne mwenyewe kwa mradi wa kwanza. Ukibonyeza mbele na nyuma pamoja, transista zinafunga betri kwa mkato na kuungua. Kwa L298N, mibonyezo hiyo miwili inasimamisha mota tu.

6. Betri

Pakiti ya laptopu iliyokufa mara nyingi ina seli za lithiamu za 18650 ambazo baadhi bado ni nzima. Ipasue kwa kisu cha plastiki au kijiti, si bisibisi, maana bisibisi ikigusa ncha mbili inatoa cheche za kuunguza mkono. Pima kila seli. Iliyo chini ya volti 2 itupe nje ya hesabu. Zilizobaki zichaji kwa bodi ya TP4056, moja moja, hadi 4.2, ukizikagua kwa mkono: inayopata joto la kuudhi haifai. Ziache wiki moja kisha pima tena. Iliyoshuka chini ya 4.0 inavuja ndani kwa ndani. Mbili nzuri zikifungwa mfululizo hutoa volti 7.4, zinazotosha L298N pamoja na regulita ya volti 5 iliyo juu ya bodi hiyo, ambayo hutaka zaidi ya 7 ili ifanye kazi sawasawa.

Nunua kishikio cha seli. Kulehemu waya moja kwa moja kwenye 18650 huipasha moto ndani, na seli ya lithiamu ikikasirika haizimwi kwa kupuliza.

7. Kuunganisha

Bodi ya risiva ya vitufe vinne ina pini zilizoandikwa 5V, GND, D0 hadi D3 na VT. Mpangilio hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo soma maandishi, usihesabu kutoka upande mmoja. Pini ya 5V iende kwenye volti 5 ya L298N, GND kwenye GND, na D0 hadi D3 kwenye IN1 hadi IN4. Vifuniko vidogo vya ENA na ENB viache mahali pake. Betri iende kwenye nati za 12V na GND, na weka swichi kwenye waya wa chanya. Hasi zote lazima ziungane. Risiva na bodi ya mota zisipokuwa na hasi ya pamoja, hakuna ishara inayopita.

Kwenye VT weka taa ya LED na rezista ya kilo-omu 1. Itawaka kila risiva inaposikia amri halali, hata mota zikiwa zimetolewa, nayo itakuokolea saa nyingi za kubahatisha.

Lehemu antena kwenye tundu la ANT: waya mmoja mgumu wa sentimita 17.3 kwa megahezi 433, au 23.8 kwa 315. Usiukunje ukaficha chini ya betri, usimamishe wima. Kwa mashua, uinue juu ya maji kadiri inavyowezekana.

Kabla ya kufunga boksi, badilisha anwani, yaani msimbo ambao risiva hutambulia rimoti yake. Bodi hizi hutoka kiwandani zikiwa na anwani ileile, miguu yote minane ikiwa wazi. Kwenye mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule (KSEF), meza mbili zilizonunua duka moja zitaendeshana vigari. Kwenye bodi ya rimoti utaona safu ya vidoa katikati ya safu mbili zilizoandikwa L na H. Unganisha kidoa kimoja au viwili vya kati na L au H kwa tone la lehemu, kisha rudia kitu kilekile, mguu kwa mguu, kwenye risiva. Na ikiwa rimoti ilikuwa ya geti la mtu, hapo pia ndipo inapoacha kufungua geti lake.

8. Isipofanya kazi

Taa ya VT inawaka mota zikiwa zimetolewa, lakini ukizirudisha kila kitu kinachanganyikiwa: ni kelele ya mota. Lehemu kapasita ya nanofaradi 100, iliyoandikwa 104, kati ya ncha mbili za mota, kwenye mota yenyewe si kwenye bodi. Sokota waya za mota pamoja, na weka kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye 5V na GND ya risiva.

Inafika mita mbili tu: antena imekatika, au betri ya rimoti (aina ya 23A) imechoka. Taa ya rimoti huendelea kuwaka hata betri ikiwa haina nguvu ya kurusha mawimbi, kwa hiyo usiiamini. Pima, na ikiwa chini ya volti 9 badilisha.

Kigari kinazunguka palepale badala ya kwenda mbele: geuza waya mbili za mota moja.

VT haiwaki kabisa: rudi kwenye masafa, rezista na anwani, kwa mpangilio huo. Kama transmita na risiva zilitoka maduka tofauti, karibu kila mara ni mojawapo ya hizo tatu.

Usiongeze kikuza nguvu kwenye transmita ili kufika mbali. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayosimamia masafa Kenya, na vifaa hivi vinaruhusiwa kwa sababu nguvu zake ni ndogo. Chombo kikiwa cha kuruka, hapo ni habari za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kanuni zake za 2020, hata kama umekijenga kwa vipuri vya Kibuye.